Udhuru wa Kutojua: Mwenye Gari Kuukuu Anadaiwa Nini?

Gari la kwanza la Mtanzania au Mkenya wa kawaida huwa si jipya. Lilinunuliwa jipya na mtu mwingine, aghalabu Japani, nchi ambako magari hupita kushoto kama kwetu na usukani wake unatufaa bila kubadilishwa. Huko gari dogo hukaguliwa miaka 3 baada ya kuandikishwa, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo ni moja ya sababu za watu kuyauza magari yao mapema. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania huyapokea ya zamani zaidi, ila huyaongezea ushuru kwa sababu ya umri. Likishatumiwa hapa na mtu mmoja au wawili, ndipo linapomfikia mwalimu, karani au kijana aliyedunduliza akiba yake, likiwa na miaka 12, 15 au zaidi. Kinachomfikia ni chuma. Historia ya chuma hicho haimfikii. Kibandiko cha tarehe ya kubadilisha oili kimeandikwa Kijapani, kilometa za kwenye dashibodi huenda zilirudishwa nyuma, na kumbukumbu za matengenezo zilibaki kwa mtu asiyejulikana. Hitilafu ikitokea barabarani, na hasa ikimdhuru mtu, mwenye gari atasema hakujua, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Waliomzunguka watamtuliza kwa msemo wetu kwamba ajali haina kinga. Swali la makala hii ni kama maneno hayo mawili, kutojua na kukosa kinga, yanamtoa hatiani mbele ya wenzake na mbele ya Mungu. Jibu ninalolitetea ni kwamba kutojua kwa mwenye gari kuukuu ni udhuru wa muda. Ni udhuru wa kweli siku ya kwanza, lakini hupungua kila gari linapompa ishara naye akaacha kuuliza. Na imani katika Mungu, ikieleweka sawasawa, haiurefushi muda huo.

Swali hili lilianza kabla ya magari. Mwaka 1877 mwanahisabati wa Uingereza, William Kingdon Clifford, alichapisha insha iliyofunguliwa na kisa cha mwenye meli. Meli ilikuwa kuukuu, imesafiri sana na kutengenezwa mara kwa mara, na watu walikuwa wamemdokeza kuwa huenda haifai tena kwenda baharini. Ilikuwa karibu kubeba familia za wahamiaji. Wasiwasi ulimsumbua, kwani kuikagua upya kungemgharimu fedha nyingi. Akaushinda wasiwasi huo kwa hoja: meli imerudi salama safari nyingi, kwa nini isirudi na hii, Mungu hatashindwa kuzilinda familia zinazokwenda kutafuta maisha bora, na wanaowatilia shaka mafundi wake wana roho mbaya. Kidogo kidogo akaamini kwa dhati kwamba meli ni nzima. Ikazama katikati ya bahari, naye akachukua fidia ya bima. Clifford anamtia hatiani kwa vifo hivyo ingawa aliamini kwa moyo wake wote, kwa sababu ushahidi aliokuwa nao haukumpa haki ya kuamini hivyo. Kisha anaongeza jambo gumu zaidi: lau meli ingefika salama, hatia yake isingepungua hata chembe. Clifford hakuizungumzia bahari kwa kusimuliwa tu. Mwaka 1870 yeye mwenyewe alinusurika meli ilipovunjika karibu na Sisilia. Na msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali hivyo. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, swali lililoulizwa kwa uchungu lilikuwa hilo hilo: nani alijua nini, na nani alipaswa kujua.

Weka gari dogo la miaka 15 mahali pa meli, na hoja za mwenye meli zinakuwa lugha ya kila siku. Breki zinalia: mbona zimelia tangu mwezi uliopita na gari linasimama. Usukani unavuta upande mmoja: ni ubovu wa barabara. Geji ya joto inapanda kwenye foleni: ni jua la Dar es Salaam. Taa ya injini imewaka: magari ya aina hii yote huwaka. Kila moja ya kauli hizi huenda ikawa kweli, na mtego uko hapo hapo, kwa maana hakuna hata moja iliyotokana na kuinama na kuangalia. Sheria za kale ziliujua mtego huu. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, ng'ombe dume akimwua mtu, mwenye ng'ombe hahesabiwi hatia. Lakini kama ng'ombe huyo alikuwa na mazoea ya kupiga kwa pembe, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumzuia, hukumu inageuka kabisa. Mnyama ni yule yule na kifo ni kile kile. Kilichoongezeka ni onyo. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inasogea hatua moja mbele: anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kwenye paa, damu isije ikawa juu ya nyumba yake mtu akianguka. Hapo hakuna aliyeonywa wala aliyeanguka. Mwenye nyumba anatakiwa tu awaze mapema. Sheria ya kwanza inamhusu anayesikia breki zikilia. Ya pili inamhusu hata aliyenunua gari jana, kwa sababu umri wa gari wenyewe ni onyo tosha kwamba kuna kitu cha kutafutwa.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa mcha Mungu, na lisidharauliwe. Atasema siku ya mtu imeandikwa, kwamba magari mapya yanapinduka na makweche yanafika Songea salama, na kwamba anayehangaika na kila mlio anataka kuishika kazi ya Mungu mikononi mwake. Kuna ukweli mzito hapa: hakuna matengenezo yanayomdhamini mtu uhai wake. Lakini ukweli huo hauzai ruhusa ya kuacha matengenezo, na waliolisema hili kwa uwazi zaidi ni wanazuoni wa tawakali wenyewe. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimwuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mungu; akaelekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili kwa kina katika Ihyaa Ulumiddin. Sababu zinazoleta manufaa au kuondoa madhara alizigawa daraja tatu: zile za yakini, zile zinazodhaniwa kwa nguvu, na zile za kuwazia tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula, akakataa kunyoosha mkono kwa kudai anamtegemea Mungu, kwa Ghazali hana tawakali. Ana wazimu, kwa kuwa Mungu mwenyewe ndiye aliyeweka desturi ya chakula kushibisha kwa kuliwa. Anayeiacha sababu ya yakini haonyeshi imani kubwa kuliko ya wenzake. Anaukataa mpangilio wa Yule anayedai kumtegemea.

Daraja hizo tatu zinampa mwenye gari kuukuu kipimo kinachofaa kuliko cha Clifford. Clifford anataka ushahidi wa kutosha kwa kila imani, na hakuna mwenye gari anayeweza kuufikia. Ghazali anamtaka ajue kila jambo liko daraja gani, kisha alitendee kwa kadiri yake. Daraja ya yakini ni ya breki, matairi na usukani. Pedi ya breki ikiisha, chuma kinasugua diski, jambo lisilohitaji utabiri. Bolijointi iliyolegea kupita kiasi hutoka, na gurudumu hulala upande katikati ya mwendo. Tairi lina tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa, kiasi kwamba 3517 ni wiki ya 35 ya mwaka 2017, hivyo tairi la mtumba lenye meno mazuri laweza kusomwa uzee wake na mtu yeyote anayejua kuhesabu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mafuta ya breki. Haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya kiwango cha DOT 3, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Ndiyo maana watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Sasa gari lenye mafuta yaliyozeeka lishuke mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, dereva akikanyaga breki mfululizo badala ya kushusha gia. Joto la diski linafika kwenye mafuta, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke hukandamizika wakati mafuta hayakandamiziki. Pedali inazama mpaka chini na gari linaendelea. Walioshuhudia watasema breki zilikatika ghafla, nao hawadanganyi, kwani waliona dakika moja tu ya jambo lililochukua miaka. Mwenye gari ndiye aliyekuwa na miaka hiyo mkononi.

Daraja ya pili ni pana zaidi, na ndiyo inayodai akili. Mkanda wa taimingi usiojulikana umri wake huenda ukakatika kesho au ukadumu miaka 3. Mpira wa rejeta uliovimba huenda ukapasuka karibu na Chalinze au usipasuke kabisa. Hapa mtu hana yakini, ana dhana yenye nguvu, na wajibu wake ni kutafuta kitakachoigeuza dhana kuwa ujuzi. Aulize kwanza kama injini yake ina mkanda au cheni, maana injini nyingi ndogo za petroli za Toyota zilizotoka kuanzia miaka ya 2000 zina cheni, na hofu ya mkanda haimhusu. Kama mkanda upo na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, busara ni kuuhesabu kuwa umekwisha, kwa kuwa katika injini nyingi ukikatika vali hugongana na pistoni. Gari linalochemsha linafundisha jambo jingine: kwamba hata kutenda kwaweza kuwa namna ya kukataa kujua. Baadhi ya mafundi hung'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba nchi ya joto haiihitaji. Geji inatulia kwa muda, mwenyewe anafurahi. Lakini thamostati huzuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ikiondolewa, injini hukimbia ikiwa baridi mno kwenye barabara kuu, hula petroli zaidi na kuchafua oili mapema. Sababu ya mwanzo, iwe feni isiyozunguka, rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba yaliyotiwa badala ya kulanti, au gasketi ya silinda hedi inayovuja, imebaki palepale. Kilichoondolewa ni ishara yake. Mwenye meli wa Clifford alifanya hivyo hivyo ndani ya moyo wake: aliuzima wasiwasi bila kugusa mbao zilizooza.

Daraja ya tatu ni ya kuwazia tu, na Ghazali anasema kuiacha ni sehemu ya tawakali yenyewe. Humu zimo chupa za dawa ya injini zinazoahidi kuponya kila ugonjwa, kibandiko chenye jina la Mungu kwenye kioo cha nyuma kinapowekwa kiwe badala ya ukaguzi, na ile tabia ya kubadilisha spea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha hadi gari litulie au fedha ziishe. Hii ya mwisho ndiyo inayostahili kutazamwa zaidi, kwa sababu ina sura ya ufundi. Chukua gari lililowaka taa ya injini. Mashine ya kupimia inatoa msimbo P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi au petroli kidogo kuliko inavyotakiwa. Wengi huusikia msimbo huu kama hukumu na kukimbilia kununua sensa ya oksijeni, kwa kuwa sensa ndiyo iliyopeleka taarifa. Ni sawa na kumkamata shahidi kwa sababu ndiye aliyepiga kelele. Hewa yaweza kuwa inaingia kupitia mpira uliopasuka nyuma ya injini, sensa ya kupima hewa yaweza kuwa na vumbi, pampu ya petroli yaweza kuwa imechoka, au filta imeziba. Msimbo unasema kuna jambo. Hausemi ni lipi. Kulijua kunahitaji kuweka dhana moja, kuifanyia jaribio linaloweza kuikanusha, na kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja ili ijulikane ni kipi kilichotibu. Hapa kutafuta hitilafu kunakuwa zoezi la maadili. Anayefanya hivyo amekubali kwamba gari halitabadilika kufuata matakwa yake, na kwamba dhana anayoipenda, aghalabu ile ya gharama ndogo, haina haki zaidi ya kuwa kweli kwa sababu tu anaipenda. Dini zetu humwita mtu wa namna hiyo mnyenyekevu, ingawa mara chache humtafuta chini ya boneti.

Pingamizi la pili linasema: mimi si fundi, nimempa gari anayejua, na kama amekosea dhambi ni yake. Kugawana ujuzi ni jambo halali, na hakuna jamii inayoishi bila kuaminiana. Wala ujuzi wa mafundi wetu wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi si wa kubezwa. Sikio lililosikiliza injini kwa miaka 20 hutambua mlio wa beringi iliyokufa kabla ya mashine yoyote. Lakini kuaminiana nako kuna masharti. Clifford mwenyewe, katika sehemu ya pili ya insha yake, anakubali kwamba tunaweza kuamini kwa ushuhuda wa mtu mwingine, mradi tuna sababu ya kudhani kwamba ni mkweli na kwamba alikuwa na njia ya kukijua anachokisema. Sharti hilo la pili ndilo husahaulika. Fundi mwaminifu kabisa asiyelinyanyua gari hana njia ya kujua hali ya bolijointi. Kwa hiyo mwenye gari asiyejua kushika spana bado ana maswali anayopaswa kuyauliza: umepima nini, umeona nini, kwa nini hiki na si kile, na spea ya zamani iko wapi niione. Maswali hayo hayamvunjii fundi heshima. Yanamtenganisha aliyepima na aliyekisia, na fundi mzuri huyafurahia kwa kuwa yanamtofautisha na laghai wa jirani yake. Unaweza kukabidhi kazi ya mikono kwa mwingine. Dhamana ya gari kuingia barabarani inabaki kwa aliyeamua kuliwasha.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: umaskini. Gari kuukuu hununuliwa na mtu asiyeweza kununua jipya, na kumhubiria wajibu wa matengenezo kwaweza kuonekana ni anasa ya wenye nazo. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, inafundisha kwamba Mungu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake, na mwanafalsafa yeyote makini atakubali kwamba hakuna wajibu mahali pasipo na uwezo. Nakubali, na ndiyo maana daraja za yakini, dhana na kuwazia zina thamani hasa kwa maskini, kwa sababu zinamwambia shilingi yake ya kwanza iende wapi. Mlango uliobonyea, kiyoyozi kilichokufa na rangi iliyofifia havimdai chochote. Breki, matairi na usukani vinamdai kabla ya redio mpya na kabla ya kupiga rangi. Tena wajibu wa kujua ni rahisi kuliko wajibu wa kutengeneza: kuchomoa kijiti cha oili, kutazama kiwango cha maji injini ikiwa baridi, kusoma tarehe ya tairi, kuchungulia kama kuna kitu kinachodondoka chini ya gari asubuhi, vyote havigharimu senti. Bado panabaki hali chungu ambapo mtu anajua breki zimekwisha na hana fedha. Hapo lazima isemwe kwamba umaskini unapunguza lawama ya kutotengeneza, lakini hauhamishi hatari kwenda kwa mtoto anayevuka barabara, ambaye huenda ni maskini kuliko mwenye gari na hakuulizwa. Kuliegesha gari kwa wiki mbili ni hasara ya kweli, na kwa anayelitumia kutafuta riziki ni hasara kubwa. Ila ni hasara ya mwenye dhamana, naye hana haki ya kuilipa kwa mwili wa mwingine. Ndugu, waajiri na dola wanaweza kuipunguza hasara hiyo, na wanapaswa. Hawawezi kuifuta hukumu yenyewe.

Hukumu hiyo inamfuata mpaka siku ya kuuza, maana gari kuukuu lina mmiliki ajaye ambaye naye atakuja bila kujua. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim, Mtume aliingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta chini yake ni mbichi kwa mvua, na akamkemea mfanyabiashara aliyeweka kavu juu ili watu wasione. Oili nzito iliyotiwa kuzima mlio wa injini asubuhi ya kuonyesha gari kwa mnunuzi ni lundo lile lile. Anayeficha kasoro anatengeneza kutojua kwa makusudi ndani ya kichwa cha mtu mwingine, na sehemu ya kila madhara yatakayotokana na kutojua huko inarudi kwake. Kama tunakubali kwamba kumtia mwenzako gizani ni kosa, ni vigumu kueleza kwa nini kujitia gizani mwenyewe, kisha ukabeba abiria, kuwe jambo dogo.

Pingamizi la mwisho ni la kifalsafa. Mmarekani William James, katika mhadhara wake wa mwaka 1896, alimjibu Clifford kwamba maisha hayatusubiri tukusanye ushahidi wote. Mara nyingine kukataa kuamini nako ni uamuzi, na una gharama zake. Anayengoja yakini juu ya kila nati hataendesha kamwe, na mgonjwa anayepaswa kufikishwa hospitali usiku hatafika. James yuko sahihi, lakini aliweka mpaka ambao wanaomtumia husahau: haki ya kuamini bila ushahidi aliiacha kwa maswali ambayo kwa asili yake hayawezi kuamuliwa kwa ushahidi. Unene wa pedi ya breki hauko miongoni mwa hayo. Unapimwa kwa rula. Lakini ukishapimwa, na matairi yakatazamwa, na mafuta yakabadilishwa, bado kuna mengi yasiyopimika: ufa ulio ndani ya chuma, usingizi wa dereva wa lori linalokuja mbele, ng'ombe anayekatiza gizani. Hapa James na Ghazali wanakutana, ingawa walitofautiana mengi. Safari haiwezi kuanza bila kuamini jambo ambalo huwezi kulithibitisha, na tawakali ina kazi yake ya kweli mahali hapo, baada ya ukaguzi. Kwa hiyo mcha Mungu wa pingamizi la kwanza hajanyang'anywa kitu. Imani yake imeondolewa kwenye kazi isiyo yake, ya kuziba nafasi ya pedi zilizokwisha, ikarudishwa kwenye ile ambayo fundi hawezi kuifanya.

Kutokana na haya, mwenye gari wa mara ya kwanza hadaiwi ujuzi asiokuwa nao siku anapokabidhiwa ufunguo. Anadaiwa kwamba kutojua kwake kuwe kunapungua. Kwa vitendo maana yake ni kulipeleka gari kunyanyuliwa na kutazamwa chini kabla ya safari yoyote ndefu, kuyahesabu mafuta ya breki, kulanti na mkanda kuwa vimepitwa na wakati mpaka ithibitike vinginevyo, kuandika katika daftari kila kilichobadilishwa pamoja na tarehe na kilometa ili historia iliyopotea ianze upya, na kuichukulia kila taa, harufu na mlio mpya kuwa swali ambalo bado halijajibiwa. Gari litaharibika hata hivyo, na siku moja huenda likamdhuru mtu pasipo kosa la yeyote. Msiba wa namna hiyo ni msiba kweli, na mwenye kuomboleza tuomboleze naye. Lakini haki ya kuuita hivyo haitolewi bure. Inapatikana kwa aliyekuwa tayari, kabla ya kuwasha injini, kujibu swali la abiria wake kama gari liko salama kwa kutaja alichokikagua, lini, na ni kasoro gani bado hazijatengenezwa, kisha akamwachia abiria huyo nafasi ya kukataa kupanda.